Invoisi Mbili

Mjomba aliiweka impela juu ya jamvi, katikati yetu, akaiachia. Impela ni lile gurudumu lenye mapanga lililomo ndani ya pampu. Ndilo linalosukuma maji. Hii ilitoka kwenye pampu anayoitumia kupandisha maji ya bahari kuingia kwenye mabwawa yake ya chumvi hapa Kaole, na ilikuwa imefanya kazi miezi minne tu. Mapanga yake yalikuwa yamejaa vishimo vidogo vidogo, kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi.

"Hebu nisomee tena kile cheti," akasema.

Nikamsomea. Cheti kilisema ni stenlesi namba 316. Hiyo ndiyo inayotakiwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu imechanganywa na molibdeni, kama asilimia 2 hadi 3, ambayo huikinga isiliwe. Stenlesi ya kawaida, 304, haina kinga hiyo. Ukiziweka mezani zinafanana: zinang'aa sawa, ukizipima mkononi uzito ni ule ule, na sumaku haikusaidii kuzitofautisha. Kwenye cheti chetu molibdeni iliandikwa mpaka desimali, 2.1, na chini yake kulikuwa na mhuri mwekundu wa duara. Fundi mmoja wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, alikuwa ameidondoshea dawa ya kupimia, akasubiri rangi ambayo haikutokea, kisha akanirudishia kile chuma kwa upole. "Hii ni 304, dada. Ingefaa sana kwa sufuria."

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi kuisimulia: muuzaji wa mbali ni tapeli, mnunuzi wa pwani ni mnyonge. Lakini cheti kile hakikuja peke yake. Kilikuja pamoja na invoisi mbili za mzigo huo huo, zenye tarehe moja na bei tofauti, na ile ya uongo niliiomba mimi.

Mjomba aliishia darasa la saba. Mimi niko shahada ya uzamili, kwa hiyo katika ukoo wetu barua yoyote ya Kiingereza huletwa kwangu, iwe ya benki, ya hospitali au ya ardhi. Pampu ilipochakaa tulipata muuzaji Guangzhou. Tukakubaliana impela, shafti, sili na nyumba ya pampu, vyote vya 316, kwa dola 2,400. Mjomba alikuwa amemtafuta ajenti wa forodha, kijana mstaarabu, mwenye leseni. Ajenti akatushauri tumwambie muuzaji aandike invoisi ya pili, ya dola 900. Nikaandika ujumbe. Ulikuwa wa mistari miwili, na nakumbuka nilirekebisha sarufi yake kabla ya kuutuma. Muuzaji hakushangaa. Hakuuliza kwa nini. Alijibu kabla sijaweka simu chini: mnataka tuandike ngapi?

Sitaki kumfanya ajenti awe shetani wa habari hii. Hoja yake aliieleza vizuri kuliko walimu wangu wengine wanavyoeleza zao. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema, katika jedwali lake la nne, kwamba thamani ya bidhaa kwanza ni bei iliyolipwa au itakayolipwa kwa kweli. Lakini ofisa akiitilia shaka, anaweza kwenda kwenye njia nyingine: aangalie vitu vya aina hiyo hiyo viliingia kwa bei gani, au vinavyofanana navyo, na kuendelea hivyo. Ajenti akasema: shaka haiondoki. Ukiandika 900, atapandisha. Ukiandika 2,400, atakuuliza kwa nini isiwe 3,000. "Dada, ile 900 si uongo. Ni bei ya kuanzia. Yeye anajua, mimi najua, na kompyuta yake inajua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ofisa alipandisha hadi 1,600, ajenti akanipigia simu kunipa hongera, na mzigo ukatoka. Kwa hiyo kwa hesabu ya VAT peke yake, asilimia 18, uongo wetu ulituokolea dola 144. Mjomba hajasajiliwa VAT, hana mahali pa kurudishiwa, kwa hiyo dola 144 kwake ni pesa ya kweli: ni ujira wa watu siku nyingi.

Swali la ajenti lilinikaa kwa sababu ni swali zuri. Uongo ambao anayeambiwa anautegemea ni uongo? Mtakatifu Augustino, ambaye naye alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliufunga uongo na nia ya kudanganya: unasema jambo huku moyoni una jingine, ili mwenzio aamini lisilokuwepo. Sasa kama ofisa haamini, na sisi hatutarajii aamini, nia ya kudanganya iko wapi? Wanafalsafa wa siku hizi wamekuwa wakibishana kuhusu jambo hili hili, uongo wa mchana kweupe: mtu anasema asichoamini mbele ya watu wanaojua kwamba haamini, na wote wanaendelea na shughuli. Wengine wanasema huo nao ni uongo kamili, maana umetoa kauli na kuisimamia. Wengine wanasema ni mchezo wa kuigiza. Kant hatumhitaji hapa. Mtu aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji anayekuja mlangoni kumtafuta rafiki yako usimdanganye, asingemaliza wiki moja katika ofisi ya ajenti.

Nilikaa upande wa ajenti kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilijiambia kwamba ni kama kununua dagaa sokoni: mwenye mali anataja elfu kumi, unataja elfu nne, na hakuna kati yenu atakayekwenda motoni kwa bei za kuanzia. Lakini sokoni hakuna anayetia saini. Tamko la forodha lina jina la Mjomba, namba yake ya mlipakodi, na maneno yanayothibitisha kwamba yaliyomo ni kweli. Kifungu cha 203 cha sheria ile ile kinasema anayetoa tamko au hati ya uongo katika mambo ya forodha anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Huko sokoni, kwenye dagaa, hakuna kifungu. Na tazama nani anabeba: jina si la ajenti, si la Guangzhou, wala si langu niliyerekebisha sarufi. Ni la mzee aliyekuwa anasubiri pampu.

Kuna mtu mwingine pia ambaye hoja ya ajenti haimwoni. Ni yule anayefuata kwenye foleni na ameandika bei ya kweli. Kila 900 inayopita inamfundisha ofisa kutoamini karatasi, na asiyeamini karatasi hana namna ya kumtambua aliyesema kweli. Anampandishia naye, au anamwambia alete risiti ya benki, mawasiliano na muuzaji, orodha ya bei, na wakati huo mzigo uko bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku. Basi naye mara ya pili hujifunza kuandika 900. Sisi hatukumdanganya ofisa, sawa. Tulimfanya awe kiziwi kwa mtu mwingine.

Nilimweleza Mjomba haya siku moja tukiwa tunatembea kutoka mabwawani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na yale makontena 349, nani aliyaandikia invoisi?" Alikuwa anakumbuka Novemba 2015, Waziri Mkuu Majaliwa alipofika bandarini Dar es Salaam kwa kushtukiza na nchi nzima ikasikia kwamba makontena 349 yametoka bila kodi, inayokadiriwa kuwa shilingi bilioni 80. Sikuwa na jibu la haraka. Mtu anayeona ngamia amepita mlangoni hawezi kuona haya kumficha mbuzi wake.

Na hata hiyo invoisi ya uongo, kwa namna fulani, ilikuwa uungwana. Angeweza kutokuwa na karatasi kabisa. Wasafirishaji wengi wa mizigo kutoka China wanakuchajia kwa ujazo, kwa CBM. Unapeleka kitu chako kwenye ghala lao kule, kinaingia kwenye kontena pamoja na vitu vya watu wengine, na baada ya wiki kadhaa unakichukua Dar. Kilitangazwaje forodhani, kwa jina la nani, kwa thamani gani, huulizi wala huambiwi. Hujasema uongo wowote kwa sababu hujasema chochote. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka tarehe 15 Mei 2023, kati ya manung'uniko yao yalikuwamo haya ya kudaiwa nyaraka za mizigo iliyokwisha ingia nchini. Niliisoma habari hiyo kama jambo la watu wa mjini. Sikujua kwamba shemeji zetu nusu wananunua vitu ambavyo havijawahi kuwa na jina kwenye karatasi yoyote.

Mwenye kuishi Kaole hawezi kujifanya kwamba haya yameanza jana. Magofu yako pale pale, misikiti miwili na makaburi ya nguzo, mkubwa wa misikiti hiyo ukirudishwa karne ya 13, na watu wa enzi hizo walipamba makaburi yao kwa kauri kutoka China. Vitu vya China vimekuwa vikifika hapa tangu kabla mikoko haijaziba bandari. Karne ya 19, forodha ya Unguja na pwani yake ilikodishwa: tajiri analipa kwa Sultani kiasi cha mwaka, kisha anakusanya ushuru mwenyewe, na kwa muda mrefu tajiri huyo alikuwa wa nyumba ya Jairam Shivji. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5. Aliyekuwa anakagua mzigo wako alikuwa mfanyabiashara mwenzio, na chake kiliingia mfukoni mwake. Mbele ya mtu huyo kutaja bei ya chini ni biashara juu ya biashara. Nadhani bado tunamwona huyo tajiri kila tunapofika kaunta ya forodha, ingawa siku hizi anayekaa pale ni ofisa wa TRA mwenye kitambulisho shingoni.

Hili lingetosha kunieleza Mjomba, kama si mizani yake.

Mjomba ni mtu wa mizani. Gunia lake la chumvi likipungua kilo hamuuzii mtu mpaka aongeze, na akiwa na mashaka anaongeza chepe zima. Sura ya Kurani inayowaonya wapunjao vipimo ameihifadhi tangu madrasa na huisoma kwa sauti mbele ya vijana wanaopakia. Nilidhani nimeelewa: kwenye mizani kuna mtu mbele yako, unamwona macho, kwenye karatasi ya forodha hakuna mtu, kuna serikali, na serikali haina uso. Wema wake unahitaji uso.

Lakini kuna madini joto. Chumvi ya kula nchini inatakiwa kuwekwa madini joto, ili watu wa bara, ambako ardhi na chakula havina ya kutosha, wasipate uvimbe wa shingo na watoto wasizaliwe na akili zilizodumaa. Mjomba hunyunyizia chumvi yake kabla ya kuifunga. Dawa yenyewe inaagizwa kutoka nje na si rahisi, na hakuna mnunuzi anayeweza kuionja. Mwanamke wa milimani huko Morogoro anayenunua kipakti cha chumvi hamjui Mjomba na hatamjua. Ana maandishi tu: yana madini joto. Mjomba angeweza kuandika bila kunyunyizia, na ingechukua miaka mtu kugundua, na asingegundua kwamba ni yeye. Nilimuuliza kama amewahi. Alinitazama kama nimemtukana. "Mtoto wa mtu, mwanangu?"

Kwa hiyo anajua. Anajua kwamba maandishi ni kusema na mtu usiyemwona, na kwamba asiyeonekana ana mtoto. Na invoisi je? Jibu lake, na naliheshimu, lilikuwa kwamba yale maandishi ya chumvi yanahusu kitu chenyewe, kilichomo, kinachoingia mwilini mwa mtu. Invoisi inahusu pesa tu. Bei si kitu. Bei ni maneno ya watu wawili. Uongo wa bei haumtoboi mtu tumbo.

Ni tofauti nzuri, na ningeiandikia insha nikapata alama. Shida yake ni Guangzhou.

Kwa sababu yule muuzaji hakuwa na karatasi za aina mbili, moja ya pesa na moja ya kitu. Alikuwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao kwao karatasi ni habari. Wa pili ni wale ambao kwao karatasi ni kifaa cha kupitishia mzigo, na hao wanajitambulisha wenyewe mapema, kwa ujumbe wa mistari miwili wenye sarufi safi. Nikijiweka mahali pake sioni angetuelewa vingine. Ametuma bei, tumemwomba aandike nyingine, ameandika, tumemshukuru. Siku mbili baadaye tunamwomba cheti cha chuma. Naye ametupa cheti. Kina desimali, kina mhuri. Sisi tulidhani kwamba mtu atakayetudanganyia ofisa wetu bila kupepesa jicho, akigeuka upande wetu atasema kweli. Ilitoka wapi imani hiyo, sijui. Nadhani tulidhani kwamba tumekuwa marafiki.

Tulipomlalamikia nilituma picha za vishimo, video ya fundi, na cheti. Nilidai turudishiwe pesa. Safari hii hakujibu haraka. Alijibu baada ya siku mbili, kwa adabu kabisa. Aliuliza: madai yenu yanahusu invoisi ipi?

Nimelisoma swali hilo mara nyingi. Halina tusi ndani yake. Alikuwa tayari kuzungumzia kurudisha sehemu ya dola 900, kwa sababu hiyo ndiyo invoisi iliyosafiri na mzigo na ndiyo tuliyoipeleka kwa serikali yetu wenyewe kama bei ya kweli. Tukisema bei ilikuwa 2,400, tunasema kwamba tulisema uongo forodhani. Tukisema ilikuwa 900, tunadai kidogo kuliko nusu, kwa impela ambayo, kwa 900, pengine hakuna mtu angetarajia iwe 316. Nilifikiria kulipeleka suala hili mahali pa kusaidiwa, nikajaribu kuwaza meza ambayo ningeziweka invoisi zote mbili pamoja bila Mjomba kuingia matatani. Sikuiona. Maduka ya pwani yameandika ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na madaftari mawili.

Wakati haya yanaandikwa na kujibiwa, mabwawa yalikuwa yanakauka. Bamvua lilikuja na maji yakafika karibu na tuta, kisha yakarudi, na bila pampu hayakuingia ya kutosha. Wanawake sita wanaokwangua chumvi hulipwa kwa gunia. Hakuna gunia, hakuna malipo. Walikuja asubuhi siku ya kwanza na ya pili, wakakaa chini ya mkungu, siku ya nne wakaacha kuja. Ajenti alisema uongo wa bei haumdhuru mtu, Mjomba alisema hauingii tumboni, na mimi nilikuwa na Augustino. Hakuna kati yetu watatu aliyekosa chakula wiki ile.

Ninachorudia kufikiria zaidi ni nafasi yangu, kwa sababu haina jina zuri. Sikuwa mnunuzi wala sikutia saini. Niliandika tu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura al-Baqara, haihusu sala wala vita. Inahusu kuandikiana madeni, na sehemu yake kubwa inamhusu mwandishi: asikatae kuandika, aandike kwa haki, na mwenye deni ndiye aseme cha kuandikwa. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuona ajabu kwamba kati ya mambo yote, huyu mtu wa katikati, asiyenunua wala kuuza, amepewa maneno mengi hivyo. Sasa naona. Mimi ndiye niliyejua maana ya kila neno kwenye ule ujumbe. Mjomba alijua tu kwamba ajenti amesema. Elimu yote niliyosomeshwa kwa chumvi hii hii niliitumia kuufanya uongo wake usomeke vizuri.

Wiki iliyopita aliniita tena. Amepata muuzaji mwingine, Mumbai safari hii, na mkopo mdogo wa kikundi. Tulikaa barazani, mimi na simu, yeye na kikombe cha kahawa. Nikamwambia sitaandika mpaka yeye mwenyewe aniambie namba, kwa mdomo wake, na kwamba nitaandika atakayosema na nitamsomea kwa Kiswahili kabla ya kutuma. Akacheka, akasema nimekuwa kadhi.

Kisha akakaa kimya akihesabu kwa vidole. Akaniuliza kodi itakuwa kiasi gani kwa bei kamili. Nikamwambia. Akauliza ofisa akipandisha juu ya hapo tutafanyaje. Nikamwambia tutaonyesha risiti ya benki, na kwamba inaweza kuchukua siku, na kwamba sijui siku ngapi.

"Andika elfu mbili na mia sita," akasema. "Invoisi moja."

Nikaandika. Nilipofika mwisho, kabla sijamsomea, akanyoosha mkono akafunika kioo cha simu.

"Subiri kwanza," akasema. "Ngoja nimuulize ajenti."